Columbia Rediviva: merikebu ya wenye maduka wa Boston iliyozunguka dunia ikarudi na chai iliyolowa

Kalafati (mwenye uzi)

Wakuu, habari za leo.

Kwenye ule uzi wa Vasco da Gama kuna mkuu alishikilia kwamba kila merikebu ya kizungu iliyochora pwani za watu ilitumwa na mfalme. Nilimwahidi jibu refu, na jibu ni merikebu moja tu: Columbia Rediviva ya Boston, iliyosafiri kati ya 1787 na 1793. Waliompa nahodha nauli ni wafanyabiashara sita wenye njaa ya faida. Alikuwa mchuuzi. Ghuba na mito aliyoingia aliingia kwa kutafuta mteja, na alipokosa mteja alitoka bila hata kupima kina vizuri. Miaka hamsini baadaye wanasiasa wakaigeuza safari yake kuwa hati ya kiwanja.

Nitatiririka kwa vipande maana naandika kwa simu. Tafadhali msinukuu uzi mzima halafu mkaandika "nakazia" chini.

Tuanze na Boston yenyewe. Mkataba wa amani na Uingereza ulisainiwa 1783, Marekani ikawa huru, na biashara ikafa. Waingereza waliwafungia visiwa vyao vya Karibi, ambako watu wa Massachusetts walizoea kupeleka samaki wakavu na mbao. Chai ya China kila nyumba inaitaka, lakini Mchina wa Canton hana haja na samaki wako, anataka fedha taslimu, na fedha hakuna. Katika hali hiyo ndipo kikachapishwa, 1784, kitabu cha safari ya mwisho ya Kapteni James Cook. Ndani yake mlikuwa na habari iliyowatoa watu usingizini: mabaharia wake walinunua ngozi za fisi-maji wa baharini huko Nootka, pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, kwa vitu vya ovyo tu, kisha walipofika Canton ngozi nzuri kabisa zikauzwa mpaka dola 120 moja.

Basi hapo mzunguko ukajichora wenyewe. Vyuma kutoka Boston viende Nootka, ngozi kutoka Nootka ziende Canton, chai kutoka Canton irudi Boston.

Tajiri mmoja, Joseph Barrell, akakusanya wenzake watano. Mmoja ni Charles Bulfinch, yule msanifu majengo ambaye baadaye alifanya kazi kwenye jengo la Bunge kule Washington. Mwingine ni John Derby wa Salem, nitamrudia. Wakagawa hisa 14, kila hisa dola 3,500. Jumla dola 49,000, pesa ya kutisha kwa wakati ule.

Merikebu waliyoinunua ilikuwa na urefu wa futi 83, tani 212, milingoti mitatu, mizinga 10. Tarehe ya kuundwa kwake wanahistoria wanagombana, wengine 1773, wengine 1787. Wakaipa mdogo wake wa kuandamana nayo, Lady Washington, tani 90, mlingoti mmoja. Akili ilikuwa nzuri: kubwa ni ghala, ndogo inapenya vijito na maji mafupi kutafuta wateja.

Narudi.

Dereva Semi

Naweka kambi hapa. Futi 83 ndiyo kuzunguka dunia? Mimi kwenye boti ya Unguja tu natapika.

Mzee wa Gati

Usishangae kijana. Yale majahazi makubwa ya Kuwait yaliyokuwa yakiingia Mombasa na kaskazi yalikuwa ukubwa huohuo au kuzidi. Futi 83 si ndogo kwa chombo cha tanga. Tofauti ni kwamba Mwarabu anasubiri msimu, upepo umpeleke na umrudishe. Hawa wanakwenda kuzunguka ncha ya Amerika Kusini, ambako hakuna upepo wa msimu wa kukubeba, unakupiga usoni mwaka mzima.

Kalafati, walichukua bidhaa gani? Mchuuzi hujulikana kwa mzigo wake.

Kalafati

Mzee umegusa penyewe. Safari ya kwanza walibeba patasi, misumari, shanga, vifungo, vioo vya mfukoni, na hata mitego ya panya. Yaani mtu wa Boston alikaa ofisini akawaza "washenzi watapenda nini", akapakia. Walipofika kule wakakuta wateja wanaojua wanachotaka: chuma, mabamba ya shaba na nguo nzito. Vingine vyote wakavirudisha kwa dharau. Safari ya pili mzigo ulibadilika, ukawa shaba, chuma na nguo ya buluu.

Manahodha. Mkubwa wa msafara ni John Kendrick, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyewahi kuwinda merikebu za Waingereza wakati wa vita vya uhuru. Mpole, mchelewaji, mwenye ndoto nyingi. Kwenye Lady Washington akawekwa Robert Gray, miaka 32, mtu wa haraka na hasira za karibu. Shikeni hizo tabia mbili, zitawaeleza mengi.

Wakang'oa nanga Boston 30 Septemba 1787. Kituo cha kwanza visiwa vya Cape Verde, ambako Kendrick alizubaa zaidi ya mwezi mzima huku Gray akisaga meno. Hapo Gray akaajiri kijana wa Kiafrika kuwa mtumishi wake, kwenye maandishi anaitwa Markus Lopius. Kuzubaa kule kukawafanya wafike Rasi ya Horn, ile ncha ya Amerika Kusini, majira mabaya. Aprili 1788 dhoruba ikawatenganisha, wasionane tena kwa zaidi ya miezi mitano.

Columbia ikapigwa vibaya ikabidi iingie Juan Fernández, kisiwa cha Wahispania, na Wahispania walikuwa hawataki chombo cha kigeni upande ule wa bahari. Gavana wa pale, Blas González, akawaonea huruma, akawapa maji, kuni na nafasi ya kutengeneza. Wakubwa wake waliposikia wakamfukuza kazi. Mtu alipoteza cheo kwa kusaidia watu wenye shida baharini.

Columbia ilipofika Nootka Septemba 1788 ilikuwa imekwisha zika watu wawili kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga.

Binti Shela

Kalafati usipite haraka. Huyo Markus vipi? Umemtaja ukamwacha.

Kalafati

Sijamwacha dada, ndiyo kipande kinachofuata.

Gray na Lady Washington walitangulia kufika pwani, Agosti 1788. Mabaharia wake nao fizi zinavuja damu. Wakaingia ghuba ambayo leo inaitwa Tillamook, jimbo la Oregon. Wenyeji wakawapokea vizuri, wakawaletea matunda ya porini na kaa wa kuchemsha. Matunda yale ndiyo dawa ya kiseyeye, wagonjwa wakaanza kupata nafuu.

Tarehe 16 watu wachache wakateremka kukata majani ya mifugo iliyokuwa chomboni. Markus akachomeka panga lake mchangani akaendelea kubeba majani. Mwenyeji mmoja akalichomoa akakimbia nalo. Markus akamfukuza mpaka kijijini, akamshika. Wenzake walipofika wakamkuta katikati ya umati, na mbele ya macho yao akachomwa visu na mishale akafa. Waliobaki wakakimbilia mashua huku wanajeruhiwa. Haya tunayajua kwa sababu ofisa kijana, Robert Haswell, alikuwepo na aliandika shajara.

Ndiye mtu wa asili ya Kiafrika wa kwanza anayejulikana kwa maandishi kukanyaga pwani ya Oregon. Aliacha kwao Cape Verde ndani ya chombo cha kwanza cha Marekani kufika kule, akazikwa (kama alizikwa) kwenye ghuba ambayo Gray aliiita Bandari ya Wauaji.

Binti Shela

Kwa panga.

Halafu ghuba inapewa jina la wauaji, si la marehemu. Jina lake lipo wapi kwenye ramani?

Mtoto wa Darajani

Mnalia na mtu mmoja. Kusema kweli alifukuza mtu mpaka ndani ya kijiji cha watu. Ugenini hapo. Kalafati, swali la kijinga: kwa nini hawakupita Panama?

Dereva Semi

Mfereji wa Panama umefunguliwa 1914 mkuu. Wangesubiri miaka 127 nanga chini.

Kalafati

Ahsante Dereva, umeniokolea bando.

Kipande cha biashara sasa, na hapa ndipo penye utamu. Mnajua fisi-maji wa baharini hana mafuta chini ya ngozi kama nyangumi, kwa hiyo Mungu alimpa manyoya mazito kuliko mnyama yeyote, mpaka nywele 150,000 kwenye sentimita moja ya mraba. Matajiri wa China walitaka manyoya hayo kwenye kola na pindo za makoti yao ya baridi.

Msimu wa 1789 Gray na kale kachombo kadogo akatambaa na pwani kutoka kusini mpaka visiwa vya Wahaida, wenyeji wa kaskazini, Canada ya leo, anaingia kila uwazi anaouona, anauliza ngozi. Mahali pamoja visiwani akapata ngozi 200 kwa muda mfupi, kila moja kwa patasi moja. Patasi! Kila ghuba aliyoingia ikaandikwa kwenye shajara, na ndiyo huo mnaouita uvumbuzi. Kendrick wakati huo amekaa Nootka na merikebu kubwa, anazungumza na kila mtu, haendi popote.

Na Nootka yenyewe ilikuwa moto. Mei ule akafika Mhispania Esteban José Martínez na merikebu za vita, akasema pwani yote ni ya mfalme wake. Akakamata vyombo vya Waingereza mbele ya Wamarekani, Wamarekani akawaacha. Kitendo kile nusura kiziingize Uingereza na Hispania vitani 1790. Chifu wa pale, Maquinna, mwenye nchi, hakuna aliyemuuliza.

Mwishowe Kendrick na Gray wakabadilishana vyombo. Gray akachukua Columbia na ngozi zote, akavuka kwenda Canton kupitia Hawaii. Akafika mwishoni mwa 1789 akakuta soko limefurika ngozi, wengine walikwisha soma kitabu kilekile cha Cook. Akaziuza dola 21,400 hivi. Toa gharama za matengenezo, ushuru na madalali wa Canton, kilichobaki cha kununulia chai ni dola 11,000 na kitu.

Akarudi kwa Rasi ya Tumaini Jema, akaingia Boston Agosti 1790, merikebu ya kwanza yenye bendera ya Marekani kuzunguka dunia. Mizinga ikapigwa, mji ukajaa gatini, Gavana John Hancock akaandaa karamu. Gray akatembea barabarani na kijana wa Kihawaii aliyekuja naye, Attoo, amevaa joho na kofia ya manyoya ya ndege, nyekundu na njano.

Kisha wakafungua masanduku ya chai. Zaidi ya nusu ilikuwa imelowa maji ya bahari.

Dereva Semi

🤣🤣🤣 Karamu ya gavana, halafu stoo chai imeota ukungu.

Mzee wa Gati

Hiyo nimeiona kwa macho yangu na mchele. Shehena ikilowa ukiwa katikati ya bahari hujui, kalafati imeachia mahali, maji yanapanda kidogokidogo chini ya magunia. Unafika bandarini unanuka kabla hujafungua mlango.

Mchumi Mtaani

Hesabu: wameweka 49,000, kimerudi chai ya 11,000 na nusu yake imeharibika. Hata ukihesabu kwamba chombo chenyewe bado kipo, hii ni hasara ya wazi. Kwa nini wakatoa safari ya pili?

Kalafati

Derby na mwenzao mwingine, Pintard wa New York, waliuza hisa zao. Ila Barrell aliona jambo moja: ngozi zipo, bei ya kununulia ni patasi, kosa lilikuwa kwenye mzigo na kwenye Kendrick kuzubaa. Akaongeza pesa. Ndani ya wiki chache, mwishoni mwa Septemba 1790, Columbia ikatoka tena na Gray peke yake.

Kendrick hakurudi kabisa Boston. Alibaki na Lady Washington, akaenda mpaka Japani 1791 wakati Japani imejifungia, akanunua ardhi kwa machifu kwa hati za karatasi, hapeleki hesabu kwa matajiri wake. Desemba 1794 yupo Honolulu, nahodha Mwingereza anampigia mizinga ya heshima, kumbe mzinga mmoja ulikuwa umeachwa na marisau ndani. Yakamuua mezani pake.

Mtoto wa Darajani

Kuuawa kwa heshima. Hii sijawahi kuisikia.

Mchumi Mtaani

Ulisema utamrudia Derby wa Salem.

Kalafati

Kweli. Salem na Boston ni majirani, pwani moja ya Massachusetts. Matajiri wa Salem, ukoo wa Derby mbele, walichukua njia ya mashariki badala ya Nootka. Baada ya miaka thelathini na kitu watu wa Salem ndio waliojaa Zanzibar wakinunua pembe za ndovu na sandarusi na kutuletea ile nguo bibi zetu wakaiita merekani. Mkataba wa biashara na Sayyid Said ni wa 1833. Hesabu zao ni zilezile za Columbia: hatuna fedha taslimu, basi tutafute pwani yenye kitu ambacho tunaweza kukipata kwa vitu vyetu tukakiuze kwingine. Huko ilikuwa ngozi, hapa ikawa pembe.

Safari ya pili. Sehemu hii si nzuri, nasema mapema.

Gray alifika Clayoquot, kisiwa cha Vancouver cha leo, Juni 1791. Hapo ni nchi ya Watla-o-qui-aht, chifu mkubwa Wickaninnish, mtu tajiri aliyeshika biashara yote ya ngozi eneo lile. Attoo, yule kijana wa Hawaii, akatoroka chomboni. Gray akamteka ndugu wa chifu mpaka Attoo akarudishwa. Fikirieni: umemdhalilisha ndugu wa mteja wako mkubwa, halafu unakaa hapohapo majira yote ya baridi, umejenga kibanda cha mizinga ukakiita Ngome ya Ukaidi, unaunda chombo kidogo kipya, Adventure.

Februari 1792 Attoo akamwambia Gray kwamba machifu wanapanga kuiteka merikebu na wamemwomba yeye alowanishe baruti. Gray akajiandaa usiku kucha. Shambulio halikuja. Tarehe 27 Machi, siku za kuondoka, akaamuru kijiji cha Opitsaht kichomwe.

Kazi akapewa ofisa wa miaka 17, John Boit. Watu walikuwa wamekwisha hama. Boit aliandika kwamba zilikuwa nyumba zaidi ya 200, zimejengwa vizuri, milango imechongwa vichwa vya watu na wanyama, kazi ya vizazi, na kwamba yote iliteketea kwa muda mfupi. Aliandika pia kwamba amehuzunika nahodha kuacha hasira zimfikishe pale.

Mtoto wa Darajani

Samahani, lakini walipanga kumuua. Wewe ungefanya nini? Watu 50 ndani ya mbao, mbali na kwao.

Binti Shela

Angeondoka. Alikuwa anaondoka! Kalafati ameandika, siku za kuondoka. Kijiji ni kitupu. Hapo unajilinda na nani, na milango?

Mtoto wa Darajani

Unawafundisha wasirudie kwa chombo kinachofuata.

Mzee wa Gati

Chombo kinachofuata ndicho kinacholipa, mwanangu. Sisi pwani tunajua. Nahodha akiharibu mahali, anayekuja nyuma yake ndiye anapokewa na mishale, naye hajui kosa lake.

Kalafati

Mimi niko na Mzee na Binti Shela. Na sababu nyingine ni kwamba hakuishia hapo. Tarehe 8 Mei mwaka uleule, usiku, ghuba nyingine, mtumbwi mkubwa ukasogea karibu mno na Columbia. Gray akaamuru mizinga. Boit anakadiria ndani walikuwa watu 20, na kwamba hakuna aliyepona. Hasira inakuwa mazoea. Kwa wanaopenda kujua: mwaka 2005 wazao wa Gray walikwenda Tofino wakaomba radhi rasmi kwa Watla-o-qui-aht.

Sasa mto.

Pwani ile kuna mlango wa mto mkubwa ambao kila mtu aliupita. Mhispania Bruno de Hezeta aliuona 1775 akakosa nguvu za kuingia, mabaharia wanaumwa. Mwingereza John Meares alikuja 1788, akaona mawimbi yanavunja, akasema hakuna mto, rasi akaiita Rasi ya Kukata Tamaa. Mwishoni mwa Aprili 1792 George Vancouver, ametumwa na serikali ya Uingereza kuchora pwani na kumalizana na Wahispania kuhusu Nootka, akaona maji yamebadilika rangi, akaandika kwamba uwazi ule haustahili muda wake. Siku mbili baadaye akakutana na Gray baharini. Gray akamwambia: mimi nilikaa siku tisa nje ya mlango wa mto, mkondo ukanizuia. Vancouver hakumwamini.

Gray akarudi. Kwa nini? Kwa sababu mto mkubwa una vijiji, na vijiji vina ngozi. Mchora ramani ana mshahara, anaweza kupita. Mchuuzi hawezi kuacha soko lisilofikiwa na mtu.

Mlangoni pale mto unasukuma maji nje na bahari inayasukuma ndani juu ya mafungu ya mchanga yanayohama. Tangu wakati huo vyombo kama 2,000 vimepotea eneo lile, mpaka wanaliita makaburi ya Pasifiki. Gray akatanguliza mashua ipime kina, akangoja, na asubuhi ya 11 Mei 1792, siku moja baada ya kutimiza miaka 37, akatweka matanga akapita katikati ya mapovu. Ndani akakuta maji matamu, na mitumbwi ya Wachinook, wenyeji wa mto ule, inamfuata pande zote.

Akakaa siku tisa. Kwa mujibu wa Boit walipata ngozi 150 za fisi-maji, 300 za biva (mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito), na mara mbili ya hizo za wanyama wengine. Samaki wa salmoni wawili kwa msumari mmoja. Akapanda mto maili kama 15, chombo kikagusa mchanga, akageuza. Akaupa mto jina la merikebu yake, akatoka tarehe 20. Hakuchapisha chochote.

Mzee wa Gati

Siku tisa nje, siku tisa ndani. Mvumilivu kwa biashara, kwa watu hana subira.

Mchumi Mtaani

Kama hakuchapisha, dunia ilijuaje?

Kalafati

Gray aliacha mchoro wa mlango kwa kamanda wa Kihispania kule Nootka, Bodega y Quadra, ambaye pia alimuuzia ile Adventure kwa ngozi 75. Quadra akampa Vancouver nakala. Oktoba Vancouver akamtuma ofisa wake Broughton na merikebu ya Chatham, Broughton akapanda mto kwa mashua maili mia, akachora vizuri, akaitangaza ardhi kuwa ya Uingereza kwa hoja kwamba Gray hakuwa ameingia mto wenyewe bali ghuba yake. Ubishi ulianzia hapo.

Columbia ilirudi Boston Julai 1793, safari hii hesabu zikawa afadhali. Haikwenda tena kule. Ikapewa kazi za kawaida, 1806 ikavunjwa. Gray naye akafa mwaka huohuo, maskini. Ila nyuma yake Boston nzima ilishika njia ile, mpaka wenyeji wa pwani wakawa wanamwita kila Mmarekani "Boston".

Kitabu cha safari cha merikebu nacho kina kisa chake. Serikali ilipohitaji ushahidi 1816, Bulfinch alinakili kurasa za siku za mtoni, na kitabu chenyewe baadaye kikaishia kuwa karatasi taka. Kwenye nakala hiyo kuna mahali Gray anashuka ufukweni kuiangalia nchi, na hapo yameongezwa, kwa wino tofauti, maneno ya kwamba alishuka pia kuimiliki. Mchuuzi alishuka kutazama, karani akammilikisha.

Mkataba wa Oregon wa 1846 ukakata mpaka kwenye nyuzi 49, mto wote wa chini ukaangukia Marekani. Mwaka huohuo mjane wa Gray, Martha, alikuwa anaiomba Bunge msaada.

Dereva Semi

Na Wachinook walipata nini kwenye nyuzi 49?

Binti Shela

Misumari.

Mchumi Mtaani

Fisi-maji je, wapo?

Kalafati

Wapo, kwa bahati. Biashara ile iliwamaliza karibu wote. Mkataba wa kuwalinda ulipokuja 1911 walikuwa wamebaki elfu moja au mbili Pasifiki nzima. Pwani ya kisiwa cha Vancouver walitoweka kabisa, ikabidi waletwe upya kutoka Alaska.

Mtoto wa Darajani

Ile shuttle ya anga ya Columbia iliyosambaratika 2003 ina uhusiano?

Kalafati

Ndiyo, NASA waliipa jina la merikebu hii. Iliruka mara ya kwanza Aprili 1981.

Dereva Semi

Kuna picha au mfano wake wa kwenda kuona? Nina shemeji yuko Seattle.

Kalafati

Mfano wa Columbia upo Disneyland, California, ila wa karibu na shemeji ni Lady Washington. Waliiunda Aberdeen, jimbo la Washington, 1989, kwenye ghuba ileile ambako Gray aliupiga mizinga ule mtumbwi siku tatu kabla ya mto. Ghuba sasa inaitwa Grays Harbor. Inasafiri na inachukua abiria, mwambie shemeji aangalie ratiba kabla ya kuendesha gari, maana mara nyingi haipo nyumbani.